Kumsaidia rafiki mwenye ulemavu kupata trisikli: vipimo, feza na jina la mwenye mali

Katika makanisa yetu ya mashariki swali hili hurudi kila mara. Kuna ndugu yetu asiyeweza kutembea, anabebwa mgongoni mpaka ibadani ao anatambaa, tungependa apate chombo chake cha kusafiria, tuanzie wapi? Jibu la haraka ni kupitisha kapu siku ya Jumapili. Kapu ni jema, lakini si la kuanzia. Trisikli nyingi zilizotolewa kwa nyimbo na vigelegele zimelala leo nyuma ya nyumba, gurudumu moja halipo, na mwenyewe amerudi mgongoni kwa watu. Makala hii inafuata kazi hiyo tangu mazungumzo ya kwanza mpaka matengenezo ya mwaka wa pili.

Ninaposema trisikli, ninamaanisha kinga ya magurudumu matatu ambayo mtu anaikalia na kuizungusha kwa mikono. Gari lililorekebishwa kwa ajili ya mtu asiyetumia miguu lipo pia, nami nitalisema kidogo mbele. Lakini kwa washirika wetu walio wengi, Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, trisikli ndiyo gari.

Punda wa Mefiboshethi

Wahubiri tunapenda kumhubiri Mefiboshethi akiwa mezani pa mfalme (2 Samweli 9). Tunasahau mambo mawili. La kwanza, ulemavu wake ulitokana na kukimbia vita: alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akamchukua na kukimbia, mtoto akaanguka (2 Samweli 4:4). Watu wa Kivu na Ituri hawahitaji maelezo hapo. La pili liko katika sura ya 16 na ya 19. Daudi alipokimbia Yerusalemu, Siba mtumishi alimfikia na punda waliobeba chakula, akasema bwana wake amebaki mjini akitamani ufalme. Baadaye Mefiboshethi alieleza kwamba alitaka kutandika punda amfuate mfalme, kwa kuwa yeye hawezi kutembea, na mtumishi wake akamdanganya.

Tazama hali yake. Alikuwa na mashamba ya babu yake, alikuwa na kiti mezani, na nyumba ya Siba ilikuwa na wana 15 na watumishi 20 wa kumlimia. Lakini punda alikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Siku ya hatari hakuweza kuondoka, wala hakuweza kufika kujitetea. Ukarimu wa Daudi ulikuwa wa kweli, ila haukufika kwenye tandiko la punda.

Jambo hili si la zamani. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tena tarehe 27 mamlaka ilipoamuru kata 10 za Goma zihame, mwenye miguu alitembea kuelekea Sake ao kuvuka mpaka Gisenyi. Asiyeweza kutembea alingoja mgongo wa mtu. Kwa mtu kama huyo, kuwa na chombo kinacholala ndani ya nyumba yake, ambacho anajua kukiendesha na hakuna wa kumwomba ruhusa, ni jambo la uhai.

Mazungumzo kabla ya kapu

Anza na mwenyewe. Si na mama yake, si na kaka yake, si na kamati ya diakonia. Muulize anataka kwenda wapi, mara ngapi kwa juma, akiwa amebeba nini. Anayetaka kufika soko la Virunga kila asubuhi na mzigo wa mboga anahitaji chombo kingine kuliko kijana anayetaka kufika shule yenye ngazi.

Mama mmoja mfanyabiashara wa Goma, aliyepata polio utotoni, aliiambia kamati iliyokuja kwake na daftari ya michango: “Pasta, mbele ya kuhesabu makuta, mukuje mupime mulango yangu.” Nyumba ilikuwa ya mbao, mlango mwembamba. Trisikli ingelala nje, na kinacholala nje mjini kwetu hakiamki. Feza ya kwanza iliyotoka ilikwenda kwa seremala wa kupanua mlango, kazi ya siku moja.

Inawezekana pia rafiki aseme hataki trisikli. Wako wanaopendelea magongo mazuri ya kupimwa, na wako watakaosema cherehani ingewafaa zaidi. Kamati nyingi huchukizwa na jibu hilo, kwa sababu cherehani haipendezi sana katika picha. Lakini tulimuuliza, basi tupokee jibu lake.

Mwili ndio unaochagua

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2008 mwongozo juu ya viti vya magurudumu katika sehemu zenye uwezo mdogo. Unapanga kazi katika hatua nane: kumwelekeza mtu kwenye huduma, kumpima, kuamua chombo kinachomfaa, kupata feza na kuagiza, kutayarisha chombo, kukijaribisha mwilini mwake, kumfundisha, na kufuatilia na kutengeneza. Angalia vizuri: feza ni hatua ya nne. Sisi huwa tunaifanya ya kwanza, ya pili na ya mwisho.

Kwa nini kupima kunatangulia? Kwa sababu watu wawili wasiotembea wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa. Aliyepata polio ana miguu dhaifu, lakini ngozi yake inasikia maumivu, na mara nyingi mikono na mgongo vina nguvu. Huyo ndiye mtu wa trisikli. Aliyevunjika uti wa mgongo kwa risasi, kwa kuanguka mtini ao kwa ajali ya moto, mara nyingi hasikii kitu kuanzia kiunoni. Akikaa juu ya mbao saa tatu, nyama inaoza chini yake naye hajui. Kidonda hicho kinaua watu. Kwake mto mnene wa kukalia si mapambo, na ni lazima ajifunze kujiinua kwa mikono kila dakika 15 hadi 30, na kutazama ngozi yake kila jioni kwa kioo ao kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, shingo haikai, hapewi trisikli hata kidogo. Anahitaji kiti kinachomshika mgongo na kichwa. Mwenye mkono mmoja dhaifu hawezi kuzungusha pedali za mikono mchana kutwa.

Hayo hayaamuliwi na kamati wala na pasta. Yanaamuliwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule watu wanayemwita kine. Bukavu kuna kituo Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja na pia hospitali HEAL Africa, yenye mizizi katika kazi ya upasuaji wa mifupa. Kulipa usafiri wa rafiki mpaka kituo kama hicho ni mchango wa kwanza wenye faida kuliko yote, na ni mdogo.

Vipimo vyenyewe si siri. Upana wa kiti ni upana wa nyonga akiwa ameketi. Urefu wa kikalio ni kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, ukipunguza sentimita 3 hadi 5 ili ukingo usikate damu. Pa kuwekea miguu pawe chini ya kikalio kwa urefu wa mguu kuanzia goti mpaka kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku. Kiti kipana sana humfanya aegemee upande mmoja, na mgongo unapinda polepole.

Njia nayo inachagua

Kwenye trisikli nyingi za kwetu, mnyororo unashuka kutoka pedali za mikono mpaka gurudumu la mbele. Uzito wa mtu uko nyuma. Kwa hiyo mahali pa kupanda sana gurudumu la mbele linateleza, hata mikono iwe na nguvu namna gani. Goma, juu ya mawe ya volkano, kilio ni mtikisiko na tairi; njia nyingi ni tambarare. Uvira kando ya ziwa ni mchanga. Bukavu ni habari nyingine: anayekaa juu Kadutu hawezi kurudi nyumbani peke yake kwa trisikli ya mikono, na mpango usiosema nani atamsukuma, na kwa malipo gani, haujakamilika. Huko kuteremka ndiko kunakotisha zaidi kuliko kupanda. Freni ziwe mbili, na moja iweze kufungwa chombo kikisimama.

Viti vya hospitali vinavyofika katika makontena vina magurudumu madogo mbele, yaliyofanywa kwa sakafu laini. Juu ya mawe yetu vinakwama na kumrusha mtu mbele. Ndani ya nyumba na kanisani vinafaa, nami sivikatai. Visiitwe tu chombo cha barabarani.

Kuna chombo kimoja kutoka nje ambacho historia yake inatuhusu. Mwaka 1994 Larry Hills, mmisionari wa Kimethodisti aliyefanya kazi Zaire, alimwomba mchungaji Mel West wa Columbia, Missouri, kule Marekani, atafute chombo kigumu kwa ajili ya watu waliopoteza nguvu za miguu. Earl Miner alichora kigari cha magurudumu matatu, cha kuzungushwa kwa mikono, kikaitwa PET. Kazi hiyo inaendelea leo chini ya jina Mobility Worldwide, na vigari hivyo vimefika inchi nyingi. Ombi lilitoka huku kwetu, wala halikuwa ombi la kiti kizuri. Lilikuwa la kitu kisichovunjika kwenye njia mbaya.

Hata hivyo, pale ambapo fundi yupo, ninapendelea chombo kilichochomelewa hapa hapa. Sababu ni moja: shambreri na tairi za kinga za kawaida zinapatikana sokoni kila mji, na bomba la chuma linachomelewa na fundi yeyote wa mtaani. Fremu ya aluminiamu ikipasuka Walikale, imekwisha. Muulize fundi swali moja: mnyororo, freni na tairi unazitoa wapi? Akisema lazima ziagizwe mbali, mshukuru na uende kwa mwingine.

Feza

Hapa bei sitaandika, kwa kuwa inabadilika pamoja na dola na barabara. Ulizeni mafundi wawili ao watatu, na umuulize mtu anayetumia trisikli tayari ni fundi gani. Lakini nitatoa hesabu ya mfano. Tuseme fundi anataka dola 250. Kamati isitafute 250. Itafute 320: 250 za chombo, 20 za mto na safari ya kupimwa, na 50 za matengenezo, zilizowekwa kando tangu siku ya kwanza na zisizoguswa kwa jambo lingine. Jamaa 40 zikitoa dola moja kwa mwezi, kazi imekwisha kwa miezi minane. Ni polepole, lakini haichoshi mtu, na miezi hiyo ndiyo ya kupima na kupanua mlango.

Fundi asilipwe yote mwanzoni. Theluthi moja ya kununua vyuma, theluthi fremu ikisimama na mwenyewe akiijaribu kabla ya rangi, theluthi ya mwisho baada ya juma moja la kutembea. Andikeni, hata kama fundi ni shemasi. Hasa kama fundi ni shemasi.

Njia nyingine ni chama cha akiba, ile AVEC ao MUSO ambayo karibu kila parokia inayo. Mtindo wa AVEC ulianza Niger mwaka 1991 pamoja na CARE: watu 15 hadi 25 wananunua hisa kila juma, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Kwa kawaida mwanachama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Jambo la maana ni rafiki aingie kama mwanachama mwenye hisa, si kama jina katika kisanduku cha wahitaji. Kanisa linaweza kulipa nusu ya chombo, yeye akakopa nusu nyingine na kuirudisha kwa biashara. Kuna watakaosema ni ukatili kumkopesha mtu mwenye ulemavu. Waende Petite Barrière ya Goma waone. Watu wenye ulemavu wanavusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi kwa trisikli kubwa, na wasukumaji wanapata mkate kwa sababu ya trisikli hizo. Kinshasa, biashara ya namna hiyo kati ya Beach Ngobila na Brazzaville imelisha nyumba nyingi kwa miaka mingi. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili, ambao wengi wao walipata polio na waliokuwa wakipiga muziki juu ya trisikli zao, walijulikana ulimwenguni kwa filamu ya mwaka 2010. Hawakujulikana kwa kuhurumiwa. Mwenye chombo anaweza kulipa deni. Ila kama chombo ni cha mizigo, mwambieni fundi mapema: bomba liwe nene, na mzigo usikae juu ya miguu isiyosikia.

Kuhusu serikali: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizo mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu ulinzi na uendelezaji wa haki za mtu mwenye kuishi na ulemavu. Ni vizuri rafiki azijue na ajiandikishe kwa ofisi ya mambo ya jamii pamoja na chama cha wenzake. Zimsaidie mbele ya ofisa, shuleni na mpakani. Kamati isingoje ofisi hizo kabla ya kumpeleka kwa kine.

Jina la mwenye mali

Hapa ndipo pa Siba. Chombo kikiandikwa kwa jina la kanisa, siku rafiki atakapohamia kanisa lingine, ao atakapogombana na mzee mmoja, kitarudishwa. Limetokea zaidi ya mara moja. Kikiachwa bila karatasi, shemeji atakibebea makaa, ao kitauzwa mwaka wa njaa na mwenyewe hataulizwa. Kwa hiyo iandikwe karatasi moja: nani ametoa, nani amepokea, na kwamba ni mali yake kabisa. Mwenye chombo atie sahihi ao alama ya kidole mwenyewe, mashahidi wawe mtu wa familia na shefu wa avenue. Kama ni mtoto, mzazi asaini kwa niaba yake na jina la mtoto liandikwe.

Kukabidhi mbele ya kanisa si lazima. Kama rafiki anapenda, sawa, familia ifurahi. Kama hapendi, apelekewe nyumbani. Picha zisitumwe kwa wafadhili bila ruhusa yake, wala asiombwe kusimulia jinsi alivyoteseka ili watu watoe zaidi.

Baada ya siku ya furaha

Mwezi wa kwanza ni wa kujifunza: kugeuka, kushuka mteremko, kuhama kutoka kitandani mpaka kitini bila kuanguka, kuziba shambreri. Mwalimu bora ni mtu anayeendesha trisikli tayari, mlipeni. Kila juma mnyororo upakwe mafuta na upepo upimwe. Kila mwezi mtu akaze karanga na kutazama mahali palipochomelewa, maana ufa huanza mdogo kama unywele. Ile dola 50 iwekwe kwa jina la rafiki katika chama cha akiba, na yeye ndiye anayeamua itoke lini. Ikibaki kwa mhasibu wa kanisa, atalazimika kuomba shambreri kama sadaka.

Wachache watafikia chombo chenye injini. Mafundi wengine huongeza magurudumu mawili nyuma ya moto na kuhamisha gia mkononi. Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyeifanya kabla, na freni zijaribiwe na mzigo. Kwa gari, lenye gia otomatiki ndilo rahisi kurekebisha, maana linabaki na pedali mbili tu, mafuta na freni, ambazo huunganishwa na fimbo ya mkononi. Mafuta ya kila mwezi yahesabiwe kabla ya bei ya kununua. Nimeona watu wakichangia injini na kusahau petroli.

Na watoto: mwili wao unakua, kiti hakikui. Wapimwe tena kila miezi sita. Kiti kikishakuwa kidogo, familia ndiyo yenye kuamua kimwendee nani, na mara nyingi wao ndio wanaojua, mtaa wa pili, mlango gani wa kubisha.